Bata Walioangusha Tembo

Mume wangu ni mtunza stoo, na ugonjwa wake ni alfabeti. Jikoni kwangu bizari iko mwanzo wa rafu, unga uko mwisho, na ole wako uirudishe chumvi baada ya mdalasini. Nimeolewa, nimezoea. Kilichonishinda ni kile chumba kidogo.

Chumba chenyewe alikiteka na kompyuta yake. Anacheza mchezo wa vita, na kucheza tu hakumtoshi. Hufungua mafaili ya mchezo kwenye jedwali, kama lile la kuhesabia mashuka ya stoo: safu moja majina ya askari na wanyama, safu ya pili nguvu zao. Akibadilisha namba, mpishi anageuka shujaa. "Nauboresha," husema. Mimi cherehani yangu iko koridoni, karibu na mlango wa choo.

Siku moja bibi harusi mmoja alikuja kujaribu gauni. Yuko nusu ndani nusu nje, baba mkwe wangu, tunayeishi naye, akatoka chooni, akamsalimia: "Hujambo, binti?" Mtoto wa watu akajifunika kwa pazia. Kisha akaniambia waziwazi, "Mama, kesho nikirudi pawe na mlango wa kufunga, la sivyo nachukua kitambaa changu." Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Nikamvaa mume wangu. "Hicho chumba nakitaka."

"Kichukue kwa vita," akasema akicheka. "Nishinde mara moja tu, nahama."

Alijua sijawahi hata kugusa kipanya chake.

"Sawa. Sasa hivi."

"Subiri basi nipange jeshi, majina yamekaa ovyo ovyo." Akabonyeza, akabonyeza, akajisifu kwamba sasa yanafuata alfabeti kama watu wastaarabu. Kisha akagawa: yeye tembo wa vita, mimi bata. Bata! Kwenye mchezo ule bata ni kitoweo cha askari. "Kwa heshima yako nimekuongezea mpishi," akasema.

"Nitakukomesha," nikamjibu, ingawa moyoni nilishaanza kumtafutia bibi harusi fundi mwingine.

Basi tembo wakaja, spika zinatetemeka. Bata wangu mmoja akamdonoa wa kwanza. Tembo chali! Akamdonoa wa pili. Chali! Mume wangu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "We! Wee bata!" Nami nimeshapanda juu ya kiti, "Mdonoe! Mdonoe na huyo!" hadi baba mkwe akaja kuuliza nani kavamiwa. Hakubaki tembo hata wa dawa.

Mume wangu akafungua jedwali, akaguna. Alikuwa amepanga majina kwa alfabeti, safu ya nguvu akaiacha palepale ilipokuwa. Bata akapanda juu kabisa, kwenye namba ya tembo. Tembo akashuka hadi chini, kwenye namba ya bata.

"Hii haihesabiki," akasema. "Turudie."

Machozi ya hasira yakanitoka. "Rudia wewe na alfabeti yako! Yule binti anakuja kesho. Nimvulishe tena nguo mbele ya baba yako?"

Akalitazama gauni likining'inia kwenye msumari koridoni. Kisha akainama chini ya meza, akaanza kuchomoa nyaya.

Bibi harusi alijaribu gauni lake mlango ukiwa umefungwa, akajizungusha mbele ya kioo akicheka peke yake. Siku hizi kompyuta ndiyo iko koridoni, na baba mkwe akitoka chooni husimama kumfundisha mwanawe namna ya kupigana.

Juzi nilitoka na pini mdomoni, nikamuuliza mume wangu kama amelirekebisha lile faili.

"Zamani! Tembo wamerudishiwa nguvu zao, mpishi karudi jikoni, kila kitu mahali pake."

Nikajikuta nimenuna. "Na bata je?"

Akajikuna kichwa bila kunitazama. "Bata nimewaacha vilevile," akasema. "Hao ni wako."