Mungu Ametupa Uwele

Mjukuu wangu akipepeta uwele uani, mimi hushindwa kuendelea na kazi yoyote niliyoishika. Ule mchakacho wa punje kwenye ungo, na ule mlio mdogo wa mchanga ukijitenga nazo, hunifanya nikae chini na kufumba macho. Yeye huwaambia wenzake kwamba bibi ana usingizi. Sina usingizi wowote. Ni aibu, nayo ina umri mkubwa kuliko baba yake.

Nilikuwa na miaka saba, labda minane. Mjerumani alikuwa bado anatawala, lakini vita yake na Mwingereza ilikuwa imeshatufikia huku Ugogo, upande wa Kongwa. Msiniulize habari za mapigano, sikuona hata moja. Nilichoona ni askari wakija mchana kweupe kukomba vihenge vyetu vya nafaka, kisha wakaswaga ng'ombe, na ng'ombe walipokwisha wakachukua watu. Baba yangu aliondoka na kasha la risasi kichwani. Alituaga kama mtu anayekwenda mnadani, na mimi nikaudhika kwamba hakuniuliza aniletee nini.

Tulibaki watatu ndani ya tembe letu: mama, mimi, na mdogo wangu Chiwanga, ambaye hakuwa ametimiza mwaka. Mvua haikunyesha. Tulikula mlenda mkavu mpaka nao ukaisha, tukachimba mizizi ambayo hata mbuzi walikuwa wakiipita. Maziwa ya mama yakakauka. Chiwanga akaacha kulia, na mimi mjinga nikafurahi kwamba sasa amekuwa mtoto mzuri. Mama alikuwa akimtazama kila baada ya muda mfupi, anaweka kiganja kifuani pake, halafu anaendelea na kazi.

Na kila siku tuliomba. Mama alikuwa amebatizwa, na mwalimu wa kanisa alikuwa ametukaririsha sala kwa Kiswahili. Nyumbani tulisema Kigogo. Kiswahili kilikuwa lugha ya kanisa na ya askari. Mimi nilikuwa nimeokota maneno machache pale misheni, nikajiona msomi. Mojawapo ya maneno hayo ni "tupa". Bibi mmoja wa Kizungu alikuwa akitukabidhi sisi watoto takataka za uani, anaelekeza shimoni, anasema: "Tupa!" Kwa hiyo tulipofika pale kwenye sala tunaposema "utupe leo riziki yetu," mimi nilijua vizuri sana tunachoomba. Tunamwomba Mungu achukue chakula chetu cha leo akakitupe.

Msicheke. Ilikuwa inalingana kabisa na nilichokiona. Tuliomba kitupwe, na kweli kilikuwa kimetupwa, vihenge vitupu, zizi tupu. Nilianza kufumba mdomo kila tulipofika hapo. Mwishowe nikamuuliza mama kwa nini hatumwombi Mungu jambo lenye faida. Mama naye hakujua maana ya kila neno. Akafikiri kidogo, akasema, "Wewe sema tu, mwanangu. Yeye anajua Kigogo. Anasikia ninachotaka." Sikuridhika. Kama Mungu angekuwa anajua Kigogo, niliwaza, mwalimu asingejisumbua kutukaririsha Kiswahili.

Sasa, chini ya kijiji chetu palikuwa na korongo la mchanga. Kiangazi tulichimba humo visima vifupi, tunangoja maji yajikusanye, tunachota kwa kata. Njia ya wapagazi ilipita palepale. Siku moja, jua likiwa utosini, msafara mrefu ulifika kupumzika. Watu wamebeba magunia ya uwele wa kupelekwa kwa askari vitani, uwele uliotoka kwenye vihenge kama vyetu. Mama alikuwa kisimani na Chiwanga mgongoni ndani ya ngozi, nami nimeshika kibuyu.

Mpagazi mmoja alikuja kwetu akaomba maji. Hakuwa Mgogo, alikuwa mrefu, ana chale mbili kila upande wa uso, na kwa matamshi yake mama alimdhania Mnyamwezi. Mama akampa kata. Alikunywa polepole huku anamtazama Chiwanga.

"Anaumwa?" akauliza kwa Kiswahili.

"Njaa," mama akajibu. Neno hilo alilijua.

Yule mtu alirudisha kata kwa mikono miwili, akainama kidogo kama anavyoinama mtu kwa mkwe wake, akaenda kwenye mzigo wake. Nyapara alipiga filimbi. Msafara ukanyanyuka, ukaanza kupanda ukingo wa korongo, na yeye akiwa karibu na mwisho.

Mimi ndiye niliyeona kwanza. Nyuma yake mchangani kulikuwa na mstari mwembamba wa uwele, unaanzia pale alipokuwa amekaa na unamfuata. Punje zilikuwa zinamiminika kutoka kwenye gunia lake kwa utulivu, naye anatembea taratibu mno, hageuki. Mama alikwisha kupiga magoti, anazoa kwa viganja vyote viwili, anatia kwenye kaniki yake.

Na mimi nikaelewa sala. Nikaelewa yote! Kumbe hatukuwa tunamwomba akitupe shimoni. Alikuwa ametutupia huku chini, kama mama alivyowatupia kuku punje siku za shibe. Furaha ilinijaa nikashindwa kuimeza. Nikaona ni adabu kumshukuru kwa lugha yake, ile ya kanisa. Nikasimama, nikapaza sauti kwa Kiswahili changu safi kabisa:

"Mungu ametupa! Ametupa uwele!"

Nyie mnaosoma mnajua kwamba neno hilo lina maana mbili. Nyapara aliisikia moja. Akageuka, akashuka, akasema, "Nani ametupa uwele?" Mama alinivuta nikaanguka, akanikalisha juu ya zile punje, akanifunika na upindo wa kaniki. Lakini mstari ulikuwa bado upo, na ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye visigino vya yule mtu.

Walilitua gunia lake. Alisema ni miiba, imemchania njiani tangu asubuhi. Nyapara alilinyanyua juu ili wote waone. Tundu lilikuwa limenyooka, la kisu. Askari wakamlaza kifudifudi hapo hapo mchangani, wakampiga kiboko hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Mama alinikandamiza uso kifuani pake, kwa hiyo sikuona, ila nilisikia askari akihesabu, na mimi namba za Kiswahili nilikuwa nazijua zote. Hatukuwa na la kufanya. Mama mjane wa vita, au karibu na hapo, na watoto wawili wamekaa juu ya uwele wa serikali. Kisha wakaliziba gunia kwa kamba, wakamtwika, wakaondoka. Alipanda ukingo kwa kuyumba lakini alipanda.

Walipotokomea tuliupepeta mchanga ule mpaka jua likashuka. Tulipata vibaba vitatu hivi, na vidole vya mama vilikuwa vinavuja damu. Kwanza akapika uji mwepesi kama maji, akamtia Chiwanga mdomoni kwa kidole, tone moja moja. Siku ya nne Chiwanga akalia. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile. Uwele ule ulitufikisha mpaka majani ya mwituni yalipochipua, na mdogo wangu yupo hadi leo, ana meno machache na maneno mengi.

Mama hakunigombeza. Nilipokuwa msichana mkubwa, nikiwa nimekijua Kiswahili sawasawa, ndipo siku moja nikiwa natwanga nikaelewa ghafla kilichotokea, nikauacha mchi. Ningepiga kelele kwa Kigogo, yule nyapara asingeelewa kitu. Nilikwenda kwa mama nikamwambia, "Mama, ni mimi niliyempigisha." Akasema, "Najua, mwanangu. Ulikuwa unashukuru."

Baba hakurudi, wala hatukuambiwa alifia wapi. Mama aliendelea kuomba kila siku, kwa maneno ya mwalimu, lakini mwishoni aliongeza ya kwake kwa Kigogo. Ilinichukua miaka kugundua kwamba hayakuwa ya kumwombea baba. Jina la yule mpagazi hatukulijua, wala kwao, wala kama alifika. Mama alikuwa ameona kitu kimoja tu cha kumtambulisha kwa Mungu, akakitaja hicho mpaka anakufa: "Na ule mgongo, Baba. Uupake mafuta."