Bomba la Mzee Mgaya

Mtu anayeweza kuifufua mashine ya dizeli iliyochoka, kwa kipande cha tairi na waya wa baiskeli, anashindwaje kuziba tundu lisilopitisha hata kidole changu kidogo? Nilirudi na swali hilo kutoka mashariki ya milima ya Upare, na kwa miaka mingi sikuwa na jibu.

Niseme kwanza kilichotutoa nyumbani. Mimi na Eliamini tulikuwa tumeoana miezi saba, na katika miezi yote hiyo hatukuwahi kulala peke yetu. Vyumba vyetu viwili pale Tanga vilijaa wadogo zake wawili waliokuja kutafuta kazi, binamu yangu aliyekuja kutafuta shule, na kila baada ya siku chache mgeni aliyekuja kutafuta sukari. Ndiyo miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu tena, lakini mishahara yetu ilikuwa bado ya wakati wa rafu tupu. Mashamba ya mkonge ya serikali yalikuwa yanatafutiwa wanunuzi. Eliamini, mhandisi kijana ambaye ofisi ilikuwa haijampa kazi ya maana, akatumwa kukagua mfumo wa maji wa shamba moja lililo nyuma ya milima, upande wa Kisiwani. Ukaguzi ulikuwa wa Jumatatu. Akaomba aondoke Ijumaa, na mimi nikiwemo.

"Kuna nyumba ya wageni isiyo na wageni," aliniambia. "Na wanyama wanakuja mpaka barazani."

"Nani kasema?"

"Dereva wa lori la shamba."

"Aliwaona kabla ya kunywa, au baada?"

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, na niliamini kwamba kila habari nzuri ina mtu aliyeitunga.

Ijumaa alasiri tulipanda treni na kikapu cha mikate, sabuni mbili za mche na kilo ya sukari ya kuwapa wenyeji wetu. Tulilala tukiwa tumeketi.

Jumamosi alfajiri, Makanya. Niliamka nikamkuta mume wangu amevuta kofia mpaka puani, ilhali jua lilikuwa halijatoka.

"Unamkimbia nani?"

"Mama." Akaonyesha kwa kidevu milima iliyosimama upande wa kulia, juu yake pametanda ukungu. "Suji iko pale. Tunapita bila kupanda kumsalimia."

"Ana macho ya kutuona kutoka huko?"

"Humjui mama. Nitamwandikia barua ya kuomba radhi."

Same, saa mbili asubuhi. Upepo ulikuwa unasukuma vumbi kutoka stesheni mpaka barabarani kama mtu anayefagia kwa hasira. Tulikunywa chai ya tangawizi iliyonitoa machozi, kisha tukapanda lori la shamba, mimi mbele na dereva, Eliamini nyuma na mapipa ya dizeli. Dereva alikuwa msemaji. Alinieleza kwamba fundi wa pampu anaitwa Mzee Mgaya, mtu wa Njombe aliyeletwa ujanani kukata mkonge, enzi wafanyakazi walipoitwa manamba, akajifunza mitambo kwa kuitazama tu.

"Fundi hasa," alisema. "Ila bomba moja limemshinda. Linavuja mwaka hadi mwaka. Mnunuzi akiliona, mzee anarudi kwao na kibegi chake."

Kulia tulikuwa na milima, kushoto nyika iliyokwenda mpaka macho yanapochoka. Twiga alisimama kando ya barabara akitutazama kama karani anayetazama watu kwenye foleni. Nilimwona kwa karibu kiasi cha kuhesabu kope. Dereva akanigeukia kwa ushindi.

"Mmoja," nilisema. "Umesema wengi."

Adhuhuri tulifika. Nyumba ya wageni ilikuwa ya msaidizi wa meneja wa zamani: vyumba vitatu, bati lililolegea upande mmoja, na baraza pana lililotazama nyika. Hapo hapo, hatua kama arobaini kutoka barazani, bomba kuu lilitokeza juu ya ardhi kabla ya kupinda kuelekea kambi ya wafanyakazi na korona, ile mashine ya kuchambua mkonge. Kwenye maungio yake maji yalichuruzika mfululizo na kufanya kidimbwi. Udongo ulikuwa umejaa nyayo za kila ukubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni sana." Mzee Mgaya alikuwa mfupi, mikono imejaa grisi. Alimtazama Eliamini akilichungulia bomba. "Injinia kwenu wapi?"

"Suji."

"Mpare! Basi nimekwisha. Nyie mnauza ng'ombe kwa kesi ya kuku. Wewe utafungua kesi ya tone la maji."

Eliamini akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wakati huo huo pampu ilikohoa ikanyamaza, na mzee akaingia kibandani. Nilimfuata. Alichomoa washa ya mpira iliyokatika, akaiweka juu ya kipande cha tairi, akazungusha kisu mara moja, akapata mpya iliyo duara kama sarafu. Chai aliyotuletea mkewe, Mama Tumaini, haikuwa imepoa pampu ilipoanza tena. Ndipo nilipoanza kulishangaa lile tundu la nje. Kisha nikaona, nyuma ya mlango, koili ya waya mwembamba imetundikwa msumarini. Nikajua, au nilidhani nimejua: anawamwagia wanyama maji ili wazoee, halafu anawatega.

Chakula cha mchana kilikuwa ugali na nyama.

"Nyama gani hii, mama?"

"Mbuzi, mwanangu," Mama Tumaini akasema. "Ulitaka iwe ya nani?"

Mumewe alicheka mpaka akapaliwa. Nilikula, lakini nilichunguza kila mfupa.

Nilipolala kidogo, Eliamini alitoka na mzee kulifuata bomba mpaka kambini. Waliporudi, mzee aliingia kibandani kwake na Eliamini akatafuta karatasi na kalamu.

Saa kumi na moja jioni wanyama walianza kuja, na hapa lazima nimwombe radhi yule dereva. Walitangulia digidigi wawili, dume na jike, wembamba kama vijiti vya mwavuli. Jike alikunywa huku dume akilinda, kisha wakabadilishana. Wakaja ngiri, mikia juu, wakapiga magoti kwenye tope. Kanga wakapita katikati yao wakigombana. Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, nikisahau hata kuuma kucha. Nyuma yangu Eliamini alikuwa mezani, anaandika.

"Njoo uone," nilinong'ona.

"Naona. Ngoja nimalizie barua ya mama, nisije nikasahau."

Kisha wote wakatawanyika, na vichaka vikafunguka bila sauti. Sikuwa nimefikiri kwamba kitu kikubwa vile kinaweza kutembea bila kusikika. Tembo saba. Mkubwa wao alikuwa jike mwenye sikio lililochanika. Alisogeza mkonga mpaka kwenye maungio yenyewe, akaukinga chini ya mchirizi, akasubiri ujae kama mama anayekinga ndoo. Ndama hakujua bado kuutumia mkonga wake. Alipiga magoti akanywa kwa mdomo. Nilisikia matumbo yao yakinguruma. Nilihisi harufu yao, ya majani makavu na jasho. Eliamini alikuja akakaa kando yangu, akanishika mkono, wino ungali mbichi kidoleni mwake. Tulikaa hivyo mpaka walipoondoka. Nilikuwa na raha ambayo sikujua niitilie shaka upande gani.

Jumapili asubuhi tulitembea mpaka kambini kumpelekea karani wa kambi barua aliyotukabidhi dereva. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa kwenye mistari, na bombani kulikuwa na foleni ndefu ya ndoo. Nyumba ya mwisho, mahali bomba linapoingia kambini, ukuta wake mmoja ulikuwa wa matofali mapya kuliko mengine, na njia ya bomba mbele yake ilimwagiwa zege. Niliuona ukuta ule nikapita. Niliuliza mengine.

"Maji huwa ya shida hivi?"

Mwanamke mwenye ndoo ya njano alinigeukia. "Dada, maji yetu yanakwenda kunywesha ngiri! Yule fundi wenu mvivu. Bomba linavuja, yeye kakaa anasikiliza redio."

"Si mvivu," mwenzake akamkatiza. "Ana wazimu. Juzi mume wangu kajitolea akazibe, kamfukuza na spana!"

Foleni nzima ikacheka, lakini kicheko hakikuwa cha furaha.

Nikarudi moja kwa moja kwenye kibanda cha pampu.

"Mzee, samahani. Lile tundu kwa nini huzibi?"

"Vifaa hakuna, mwanangu. Si unaona nchi ilivyo?"

"Jana nimekuona ukikata washa kabla chai haijapoa."

Akafuta mikono taratibu. "Macho unayo."

"Na ule waya nyuma ya mlango ni wa nini?"

Akauchukua ule waya, akanipeleka kwenye mashine na kunionyesha mahali paliposukwa na kufungwa kwa waya kama huo, mara ishirini, labda zaidi. "Umedhani mimi jangili," alisema. Hakukasirika. Nilitamani angekasirika.

"Basi niambie sababu ya kweli."

"Nikikwambia, utasema. Wewe ni mtu wa kusema. Bora waniite mvivu."

Jioni hiyo niligombana na mume wangu, kwa sauti ya chini ili tusiwafukuze digidigi.

"Utaliandika lile tundu?"

"Nimetumwa kuandika."

"Watamfukuza."

"Nikificha wakaliona, nafukuzwa mimi. Ni kazi yangu ya kwanza."

"Kwa hiyo utaandika?"

"Nitaandika kilichopo."

"Na kama ana sababu?"

"Unayo hiyo sababu?"

Sikuwa nayo. Ndilo lililoniuma: mimi niliyekuwa nauliza kila kitu nilikuwa namtetea mtu bila hoja hata moja. Jike mwenye sikio lililochanika akaja, akakinga mkonga wake, na ndama akapotea njia mpaka kwenye ngazi ya baraza letu. Akatuangalia. Angeweza kutugusa. Mama yake alitoa sauti moja ya chini, naye akageuka mbio, masikio yakipepea, akajikwaa kwenye bomba. Tulicheka wote wawili, na tulipokwisha kucheka ugomvi haukurudi na nguvu zake za mwanzo.

Jumatatu asubuhi Eliamini alikagua tangi, pampu na bomba rasmi, mzee akimfuata na spana. Tulipoagana, Mama Tumaini alinifunga kanga kiunoni na kuniambia nirudi na mtoto. Mzee Mgaya alimpa Eliamini mkono kwa mikono yake yote miwili. Niliona kwamba hakuna mtu anayemshukuru hivyo aliyemponza, lakini nikadhani ni adabu tu.

Katika treni nilimnunia mpaka Mombo. Pale alininunulia machungwa, akamenya moja lote bila kukata ganda, akanivika ganda mkononi kama bangili. Nikala. Korogwe nilikuwa nimeshaegemea bega lake.

Mnunuzi alikuja, akapunguza watu wengi, na Mzee Mgaya akabaki. Dereva alipopita Tanga alituletea salamu: bomba bado linavuja, tembo bado wanakunywa. Nikahitimisha kwamba ripoti hazisomwi. Mama mkwe naye akateremka kutoka Suji na malalamiko: tulionekana Makanya, na mpaka leo hajapata barua. Eliamini akailaumu posta.

Nikiulizwa safari ile ilinifundisha nini, nasema ilinifundisha kukaa sakafuni na kutazama. Ni kweli, lakini ndiyo nusu yake.

Nusu ya pili niliipata juzijuzi, tulipohama nyumba. Mzee Mgaya alikwishastaafu na kurudi Njombe, watoto wetu wamekwishaondoka, na vyumba sasa ni vingi kuliko watu. Chini ya sanduku la bati nilikuta nakala ya kaboni ya ripoti ya kwanza ya mume wangu. Nilimsomea kwa sauti, naye akaendelea kufunga vitabu kamba kana kwamba hasikii.

"Maungio karibu na nyumba ya wageni yameachwa wazi kwa makusudi," imeandikwa. "Yalipozibwa zamani, tembo walinusa maji ardhini, wakalifukua bomba mahali lilipo juujuu, mlangoni mwa nyumba ya mwisho kambini, wakaangusha ukuta watu wakiwa ndani. Wote walipona. Tangu hapo fundi huwapa maji mbali na watu. Hasemi, kwa kuwa wenye foleni ya ndoo hawatakubali tembo wagawiwe maji yao. Nimeuona ukuta. Napendekeza yasizibwe, na fundi asiondolewe."

"Ningekuambia," Eliamini akasema, "ungekwenda kuwaeleza foleni nzima. Nilimwahidi mzee."

"Lakini uliniacha nigombane Jumapili nzima! Ungeweza kuniambia angalau kwamba umeamua."

Akakaza fundo la kamba. Ndipo nilipotazama juu ya karatasi, upande wa kulia, mahali anapoandika siku na saa kwa ule mwandiko wake unaolalia kushoto: Jumamosi, saa kumi na moja na nusu jioni, saa ya barua ya mama.