Mzee Aliyelikataa Bafu

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kila nisikiapo maji yakijaa bafuni. Nilikuwa binti mbichi, nimetoka Kakamega juzijuzi, nakaa mtaa wa Columbia Heights huku Marekani, kazi yangu kulea wazee majumbani mwao. Mzee wangu wa kwanza alikuwa Mmarekani mjane, mpole ajabu. Ila umtajie kuoga! Alikuwa akishika mlango wa bafu kwa mikono miwili, haingii. Bintiye alikuwa amechoka. Alisema babake akikataa tena wiki ile, atampeleka makao ya wazee. Naye mzee alitaka jambo moja tu, kufia nyumbani kwake.

Mimi nikadhani ni ukaidi. Ai, ujana! Bi Saada, Mtanzania wa Tanga aliyenifundisha kazi, akanikazia macho.

"Umemuuliza anaogopa nini?"

"Kwetu mzee haulizwi maswali, Mama."

"Loh! Haulizwi kwa ujeuri. Kwa adabu huulizwa. Kuuliza si ujinga, binti."

Basi nikaketi chini karibu na miguu ya mzee, kama tulivyoketi kwa nyanya, nikamuuliza. Alikoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasimulia. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, akiwa mtoto, walikuwa wakivuka bahari kwa meli kubwa ya abiria. Adui akaipiga, ikaanza kuzama. Mamake akampitisha kwenye mashua ya kuokolea watu, mama mwenyewe akabaki melini kwa kukosa nafasi. Maji yakamfunika mama, mtoto akitazama.

"Hata binti yangu hajawahi kuniuliza," akasema. Tukalia wote wawili, mimi ambaye bahari niliiona kwa dirisha la ndege tu.

Tangu hapo nilimwogesha kitini, kwa beseni na kitambaa, maji kidogo kidogo, vile nyanya alivyotuogesha. Bintiye alipokuja akamkuta ananukia sabuni, anacheka. Hakuhamishwa. Alikufa miaka kadhaa baadaye kitandani pake, nimemshika mkono. Bado namkumbuka yule mzee, jamani.

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzee akikataa jambo, usimvute. Keti umuulize, kisha umpe muda.

Siku hizi nakaa Germantown. Wajukuu wananicheka kwa nini silali mlango ukifungwa. Wanacheka tu, hakuna aliyeniuliza.

Mungu akubariki, akupe uzee mrefu, na mtu wa kuketi karibu na miguu yako. Haya, sogea basi, nawe uniulize. Chai yangu bado moto.