Mnyama ni wa Anayemnywesha

Punda wangu alikuwa wa kijivu, na mgongoni alikuwa na mstari mweusi uliokatwa na mwingine mabegani. Sisi tuliozoea kumwona uani tuliuona mstari tu. Aliyeuona msalaba alikuwa wifi yangu, siku aliyoletwa kwetu Magu kutoka Kagera, mke mpya wa kaka yangu, miguu yake bado ina vumbi la safari.

"Jamani," akasema, "mbona punda wenu amebatizwa na ninyi bado?"

Nyumba nzima ikacheka. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kanisa wala mtu wa kucheka, alicheka mpaka akashika nguzo ya ukumbi. Mimi sikucheka. Nilijisikia kama mtu aliyekuta mgeni amefungua sanduku lake na kutoa nje nguo ambayo mwenyewe hakuwahi kuigundua.

Kwa maana alikuwa punda wangu. Baba ndiye aliyemnunua mnadani, ni kweli, na alimnunua kwa ajili ya pamba. Lakini mimi ndiye niliyemzoeza. Mimi ndiye niliyempanda wa kwanza, nikaanguka, nikapanda tena, mpaka nikajua kwamba punda hapandwi mabegani kama wanavyopanda watoto wasiojua. Unakaa nyuma, karibu na kiuno, juu ya gunia lililokunjwa mara mbili, miguu ikining'inia, na kijiti chako kinagusa shingo tu, huku au huku, kama mtu anayemkumbusha rafiki jambo. Tukielewana hivyo, hakuna tulichoshindwa. Asubuhi alileta maji kutoka ziwani. Msimu wa palizi alivuta jembe kati ya mistari ya pamba bila kukanyaga hata mche. Aliwabeba wagonjwa hadi zahanati, mahindi hadi mashineni, na bibi harusi mmoja wa jirani ambaye alikataa kutembea kwenye tope. Fisi aliyekuja zizini alipata teke ambalo nadhani aliwasimulia wenzake, maana hawakurudi. Na jioni, kazi zikiisha, nilimpanda kwenda ufukweni bila sababu yoyote. Ziwa lilikuwa limelala chini ya miamba kama shuka lililoanikwa. Watu walisema msichana juu ya punda ni kichekesho. Niliwaacha wacheke kutoka chini.

Sasa nieleze kosa langu, ambalo asiyelelewa kwetu asingelifanya.

Kwetu, mke mpya akishaingia nyumbani, mabinti wa nyumba hiyo hutua ndoo. Maji yanakuwa ya mke. Si adhabu, ndivyo anavyoonyesha kwamba amefika, na ndivyo wifi zake wanavyoonja heshima ya kuwa wifi. Nami niliionja heshima hiyo kwa kijiko kikubwa. Asubuhi ya kwanza nilikaa kivulini na kitabu, nikanyoosha miguu, nikasema kwa sauti ambayo bado naisikia, "Wifi, kamba ya punda iko pale. Madumu yako pale. Ziwa liko palepale."

"Anauma?" akauliza.

"Anauma wageni."

"Basi nitamwambia mimi si mgeni," akasema, akapiga magoti kumwamkia baba, "Shikamoo baba," akaondoka na punda wangu.

Nilisubiri kelele. Nilisubiri arudi analia, kanga imechanika, madumu yamepasuka. Nilisoma ukurasa uleule hadi jua likapanda. Walirudi wanatembea sambamba, yeye akiongea Kihaya, punda amelegeza sikio moja upande wake.

Siri ilikuwa maganda. Sisi ni watu wa ugali na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kwetu ndizi ni kitu cha kununua gulioni na kumpa mgonjwa. Kwake ndizi ndiyo chakula, vingine ni vya kusogezea muda. Ndugu zake walimletea mikungu kila mara mtu wa kwao alipovuka ziwa, na nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotiririkia, alipanda migomba ambayo ilikubali kuota kana kwamba nayo ilikuwa inamwogopa. Kila siku alimenya, na kila siku maganda yalikwenda kwa punda. Mnyama aliyekulia mabua ya mtama na nyasi kavu alionja maganda ya ndizi akawa kama mtu aliyetoka kijijini akaona umeme.

Tena akampa jina. Sisi tulimwita punda. Jina alilompa silitaji hapa, na sitalitaja. Linatosha kusema kwamba aliliitikia.

Nilijaribu. Nilimpelekea viazi, akala, akanitazama, akageuka kwenda kusimama nje ya jiko la wifi. Nilimpelekea chumvi kiganjani. Alilamba hadi jasho langu, kisha akaenda palepale. Nilisimama na kiganja kilicholowa, nikaona jinsi moshi wa jiko lile ulivyokuwa mzuri, jinsi sauti yake mle ndani ilivyokuwa nzuri, na nilichukia kila kizuri nilichokiona.

Kimoja tu kilibaki changu: mgongo. Wifi hakujua kupanda. Alivuta kamba, alifunga mkokoteni, alifika hata kumpeleka palizini, lakini kupanda aliogopa. Jioni nilipompanda nilimpitisha makusudi mbele ya jiko.

"Wifi, nifundishe na mimi," alisema siku moja, mikono imejaa utomvu wa ndizi.

"Mgongo wake unachagua mtu," nikasema.

"Na wewe ndiye msemaji wake?"

"Ndiyo."

"Haya, mwambie nimemsalimia." Akaendelea kumenya.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu huru kuuza na kununua, na ruksa ilikuwa imefika mpaka kwetu. Zamani pamba ilikwenda kwenye ghala la chama cha ushirika, na aliyeipeleka alikuwa punda wangu, mkokoteni umejaa, mimi juu yake kama malkia wa nchi nyeupe. Sasa wanunuzi binafsi walikuja na malori hadi mlangoni mwa mkulima, na mizani yao, na redio zao. Msimu mmoja tu na punda akawa hana pamba ya kubeba. Kaka aliyatazama hayo, akatazama pia upande wa mji.

"Buhongwa watu wanajenga," alimwambia baba mchana mmoja tukiwa ukumbini. "Kila nyumba inayojengwa inakunywa maji kuliko ng'ombe. Nimepata kiwanja. Nikiwa na punda na mkokoteni, sitalala njaa."

"Punda gani?" nikauliza.

Hakuna aliyenijibu, kwa kuwa punda tulikuwa na mmoja.

"Baba, punda ni wangu. Mimi ndiye niliyempanda wa kwanza. Muulize yeyote."

Baba alikuwa na msemo aliourithi kwa baba yake, na alikuwa ameutumia kuamua ugomvi wa ng'ombe, mbuzi na mara moja bata. Nilijua anauchukua hata kabla hajafungua mdomo.

"Mnyama ni wa anayemnywesha," akasema. "Nani anamnywesha?"

Wifi aliinamisha kichwa. Kaka alitazama dari. Kutoka uani tulimsikia punda mwenyewe akijikuna kwenye mti wa ua.

"Lakini baba, kumpanda je?"

"Kumpanda ni kumtumia. Kumnywesha ni kumfuga." Akanitazama, si kwa ukali. "Ulitua ndoo, mwanangu. Na kamba ilikuwa imefungwa kwenye ndoo."

Ilikubaliwa wifi atangulie kwa lori na vyombo, na mimi, kwa kuwa ndiye pekee niliyejua kumpanda, nimpeleke punda Buhongwa, kaka akinisindikiza kwa baiskeli. Nilikubali haraka mno. Nilikuwa na hesabu yangu: punda akifika mahali pa ugeni, penye malori na mabati mapya, atagoma, na akigoma atarudi kwetu na mimi mgongoni. Nilimwombea ukaidi kama wengine wanavyoombea mvua.

Asubuhi ya kuondoka wifi alikuwa ameacha mfuko umening'inizwa kwenye baiskeli ya kaka. Maganda. "Amesema utayahitaji," kaka alisema.

"Sitayahitaji."

Tulikwenda vizuri hadi daraja la Simiyu. Hapo punda akasimama. Alisikia maji chini yake, akaweka kwato moja kwenye daraja, akairudisha. Nilimgusa shingo. Nilimwimbia. Nilishuka nikamvuta, nikapanda tena. Furaha yangu ilikuwa inapanda taratibu kama uji: amegoma, asante Mungu, amegoma.

Nyuma yetu likaja lori lenye pamba hadi juu, likapiga honi. Utingo akatoa kichwa.

"Dada, huyo ana breki tu, gia hana?"

"Mwiteni mwenye punda!" mwingine akadakia kutoka juu ya magunia.

"Mwenyewe ni mimi!" nikapaza sauti.

"Basi mwambie wewe, maana yeye hatusikii sisi!"

"Mpe maganda," kaka akasema chini chini, jasho limemtoka.

"Sitaki."

Kaka ni mtu mpole. Hakubishana. Alipanda baiskeli yake akaanza kuvuka, mfuko ukiyumba nyuma yake, na upepo wa mto ukaileta ile harufu. Nilihisi mgongo chini yangu ukijikusanya. Punda wangu alivuka daraja la Simiyu kwa mwendo ambao hakuwahi kunipa hata ufukweni, masikio mbele, na watu wa lori wakanishangilia kama mshindi wa mbio. Sikuwa nimeshinda kitu. Nilikuwa nimevushwa mto na maganda ya wifi yangu.

Tulilala Kisesa kwa shangazi, kesho yake tukakatiza kuelekea Usagara na kushika barabara ya Shinyanga kurudi upande wa mji. Tulipokaribia Buhongwa, kabla sijaiona nyumba, punda aliinua kichwa akalia, ule mlio wa kutoka tumboni unaoanza kama pampu na kuishia kama kilio cha msiba. Wifi alitoka kati ya matofali, mikono imejaa unga. Akampa pole ya safari punda kwanza. Kisha kaka. Kisha mimi.

Nilirudi Magu kwa basi, na gunia langu lililokunjwa mara mbili mapajani.

Watu huniuliza kwa nini nilisomea ualimu Butimba, na huwa nawajibu kuhusu wito. Huenda wito ulikuwepo. Lakini nilipokuwa najaza fomu ya chuo nilijua kwamba kutoka Butimba hadi Buhongwa mtu anaweza kwenda na kurudi Jumamosi moja, na kwamba jiko la chuo, lenye wapishi wa kila kabila, lazima siku fulani litapika ndizi. Jumamosi ya kwanza iliyoruhusiwa niliwaomba wapishi maganda. Nilitembea na mfuko wangu nikiwa nimejipanga: nitasimama mbali, sitaita, nitaufungua tu mfuko, na wifi aone mwenyewe nani anafuatwa.

Nilimkuta wifi amesimama langoni na beseni la maganda yake. Hayakuwa yameguswa.

"Punda yuko wapi?" nikauliza hata kabla ya salamu.

"Usiniulize."

"Amekufa?"

"Afadhali angekufa ningelia nikamaliza." Akanyoosha kidevu kuelekea ng'ambo ya njia.

Ng'ambo kulikuwa na jirani, mama mnene mchangamfu aliyechimba kisima, ambako wifi alichota maji ya kuuza. Punda alikuwa amesimama kwenye ua wake, hajafungwa. Kila anapofika pale, wifi alinieleza, yule mama humtilia maji kwenye karai, kwa wema tu, na humtupia maganda ya viazi vitamu anavyochemsha kuuzia mafundi. Sasa mkokoteni ukifunguliwa jioni, anavuka njia mwenyewe.

"Kwa hiyo anayemnywesha ni yule," nikasema.

"Wifi, nakuomba, baba asijue."

Nilimtazama. Alikuwa amekonda kidogo, na kwenye uso wake nilikiona kile kitu nilichokuwa nakiona kwenye kioo cha nyumbani Magu, pembeni mwa mdomo. Nilidhani nitafurahi.

"Umeshajifunza kumpanda?" niliuliza.

"Nimpande mimi? Na kaka yako nimemkataza. Mafundi walitaka, nikawafukuza na mwiko." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Ulisema mgongo unachagua mtu. Nikakuwekea."

Ng'ambo ya njia yule mama alicheka kwa jambo fulani, na punda wetu akageuza sikio moja upande wake. Lilelile.

"Ndoo iko wapi?" nikasema.

Wifi aliitoa nyuma ya mlango kabla sijamaliza. Tulivuka njia, yeye na ndoo na kamba, mimi na mfuko wangu na beseni lake la maganda. Tulimsalimia mwenye kisima kwa adabu zote, naye akatukaribisha kwa adabu zote, akauliza habari za chuo. Wifi alivuta maji. Mimi nilimwaga karai la jirani kwenye mche wa mpapai wake, taratibu, kama mtu anayesaidia kazi. Kisha tukashika ndoo pande mbili, tukainama pamoja, tukamwekea mdomoni.

Alikunywa kwa muda mrefu. Maji yalitulowesha kanga, na hakuna aliyelegeza mkono. Alipomaliza aliinua kichwa, ndevu zinadondosha, akatutazama wote wawili bila upendeleo, kisha akatazama katikati yetu, juu ya mabega yetu, kwenye sufuria ya viazi iliyokuwa inafunuliwa.

"Panda, wifi," wifi akaninong'oneza. "Panda upesi."

Nikapanda.