Mama mkwe amefumua ukuta wangu

Jamani, leo mchana tumekula ukuta!

Mama mkwe amekuja kwetu Uchindile kutoka Ifakara, na ukuta wa dirisha chumbani kwake unapitisha baridi.

Harufu ya gundi ya dukani inambana kifua. Basi jana nikashona viroba vya makapi ya mpunga, nikavipanga ukutani, nyufa nikaziba kwa magazeti na uji wa unga badala ya gundi.

Asubuhi naingia najisifu: "Shikamoo mama, umelalaje?"

Yuko chini na ungo. Viroba vyote kafumua, anapepeta!

"Marahaba. Mwanangu, humu kuna chenga za mchele. Mimi mkulima wa mpunga nilale nimeegemea chakula?"

Aibu niliyoona, acheni tu.

Chenga zimejaza sufuria ya wali wa mchana. Makapi kayashona upya mwenyewe, kwa mshono mzuri kuliko wangu.

Nyie mngemjibu nini? Mimi niliomba ukoko.