Sauti Kwenye Kadi ya Fundi Redio

Mama mmoja wa Rwezamenyo alikuja kwenye chumba changu cha kazi, mtaa wa Muhima, na kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya bahasha. Mume wake, fundi redio aliyefanya kazi Nyakabanda, alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Mwaka wake wa mwisho alijitengenezea kinasa sauti kwa vipuri vya redio mbovu na chipu moja ya kubana sauti ili zichukue nafasi ndogo.

"Kila jioni alikuwa na hiyo mashine mezani," akaniambia. "Simu inasema kadi iko tupu. Lakini kitu iko ndani, najua."

Kilikuwepo kweli. Chipu ilikuwa imemwaga sauti kwenye kadi bila kuzigawa katika mafaili, bila hata alama ya kuiambia kompyuta ianzie wapi na icheze kwa kasi gani. Nilikulia Bukoba, nikasomea kompyuta huko, na nimewahi kurudisha picha nyingi za harusi kutoka kwenye kadi zilizoharibika. Nikamwambia arudi baada ya siku mbili.

Zikawa wiki mbili. Nilitafuta maelezo ya chipu ile nikapata ya aina mbili, nayo yanapingana. Nilikata data vipande vipande, na mwanzoni mwa kila kipande nikaandika taarifa fupi ambazo kompyuta huzihitaji ili icheze sauti. Kikatoka kishindo kama mvua kwenye bati. Nikabadilisha mpangilio, kishindo kikawa mluzi. Kila jaribio nililiandika kwenye daftari, hadi nikawa sielewi daftari langu mwenyewe.

Mama aliporudi nilimsikilizisha kipande kilicho afadhali. Chini ya makelele kulikuwa na sauti nzito, ya polepole, maneno hayashikiki. Akafumba macho.

"Ni yeye," akasema, na machozi yakamtoka.

Angekuwa mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nilimuahidi maneno. Wiki iliyofuata niliyaondoa makelele, na nyuma ya ile sauti nikasikia saa ya ukutani. Nikapima mapigo yake: kila moja lilichukua zaidi ya sekunde. Nikampigia simu.

"Mama, saa ya nyumbani kwenu inakwenda sawasawa?"

"Haijawahi kuchelewa. Kwa nini unauliza?"

Nikamshukuru, nikakata simu. Kama saa ilikuwa sawa, basi mimi ndiye niliyekuwa nachezesha polepole. Nikaongeza kasi mpaka pigo likawa sekunde kamili, na mwanamume niliyekuwa nikimsikiliza kwa wiki tatu akageuka mwanamke ambaye, kwa mikwaruzo ya chipu ile, sikumtambua.

Nilikaa nikiitazama kompyuta. Nikarudisha kasi ya zamani, nikaipandisha tena. Nilianza kufikiria mambo mabaya juu ya marehemu ambaye sikumjua, na sikuona namna ya kumweleza mjane wake.

Alipokuja nilimpa tu vipokea sauti vya masikioni. Akasikiliza, akakaza uso.

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Sijui, mama."

Akaendelea kusikiliza. Mwanamke kwenye kadi alikuwa akilalamika kwamba mtu ameacha vipande vya waya kwenye sahani ya maharage, na kwamba siku moja watavimeza. Mama akavitoa vile vipokea sauti polepole.

"Ni mimi," akasema. "Sauti yangu iko hivi?"

"Ndivyo sisi wengine tunavyoisikia, mama."

"Miaka yote hiyo nilidhani hanisikilizi." Akavishika tena vile vipokea sauti. "Na yeye? Yeye iko wapi?"

Tulipitia vipande vyote thelathini na kimoja. Mama akipika, akihesabu nguo za kufua, akigombana na jirani dirishani. Mume wake tulimpata mara moja tu, karibu sana na kinasa: "Hebu sema tena, haikushika." Halafu mama akimuuliza aseme nini, na kipande kikaisha.

Nikamwekea vyote kwenye simu. Alikuwa ameshasimama aliponiuliza kuhusu kile kipande cha kwanza, chenye sauti nzito.

"Nilikikosea kasi, mama. Siyo yeye."

"Nimeelewa. Niwekee na hicho."

Nikamwekea. Aliondoka akishuka barabara ya Nyabugogo, nami nikabaki na daftari langu, sijui nilimtendea wema au nilimnyang'anya kitu.