Nilizamia Ras Serani mbele ya baba mkwe, kikoi kikaibuka peke yake

Asalaam aleikum wakuu, wazee kwa vijana.

Naona siku hizi humu kila mtu mpiga mbizi. Picha na kasa, vidole viwili juu. Hongereni. Sasa tulieni niwape ya miaka ya sitini. Si chai, na shahidi wangu yuko jikoni hapa nikiandika.

Nilikuwa kijana wa Mji wa Kale, naosha vifaa vya Mzungu mmoja wa Kizingo aliyezamia na mtungi wa hewa mgongoni. Akanifunza.

Wakati huo nimepeleka posa kwa Mzee Athmani, fundi cherehani. Jibu halitoki. Amesikia naosha mitungi ya Mzungu, akaingiwa na shaka ni mitungi ya nini.

Basi nikamwalika Ras Serani aone kazi yangu kwa macho yake. Akaja, na nusu ya mtaa nyuma yake.

Mzungu akanipa bukta. Fupi! Nimwoneshe mkwe mapaja? Nikajifunga kikoi, mkanda wa uzito juu yake, tukaingia majini mimi na Mzungu.

Wakuu, kule mwambani! Pono, changu, taa, samaki ambao maisha yangu yote nimewaona wakiwa na ndimu tu. Nikasahau posa. Mkanda ukanibana, nikaulegeza, kikoi kikachomoka kikaenda zake. Mzungu alicheka hadi akameza maji.

Juu, watu wakaona kikoi kinaelea, mwenyewe hayuko. Inna lillahi zikaanza. Mmoja akakimbia kumwarifu mama.

Rafiki yangu Saidi, aliyelia kuliko wote, akamsogelea Mzee Athmani kumpa pole. Papo hapo akamuuliza kama binti sasa yuko huru. Maiti yangu haijapatikana bado!

Nikaibuka. Mzee Athmani kasimama ukingoni, kakumbatia kikoi changu walichokiopoa, machozi yanamtoka.

"Mwanangu! Ndoo huku, toka!"

"Siwezi, baba."

"Kwani umeumia?"

"La. Hicho ulichoshika ndicho nilichovaa."

Akakitazama. Akawageuza watu wote waipe bahari mgongo, naye Saidi akageuzwa kwa kushikwa sikio. Akanirushia kikoi bila kuangalia.

"Jisitiri kwanda. Kisha uje nyumbani, jibu lako tayari."

Harusi ikafanyika. Saidi alikuja, akala pilau sahani mbili.

Funzo: ukitaka kuwajua rafiki zako, acha kikoi chako kielee kidogo.

Nanyi semeni, nani alishawahi kuwarithi mkiwa hai? Saidi, najua umo humu kwa jina la bandia. Nakuona unasoma. Anza wewe.